Mto Rufiji na Watu wa Madungu

Mwaka 1968 Mto Rufiji ulifurika kupita kiasi, na serikali ikaamua kuwahamisha wakazi wa bonde hadi nchi ya juu, mbali na maji. Operesheni Rufiji, iliyotangulia kwa miaka kadhaa uhamishaji wa vijiji nchi nzima, ilisimama juu ya hoja moja: kwamba mafuriko ni janga tu, na anayeishi bondeni ni wa kuokolewa. Nia ilikuwa njema, lakini hoja ilikuwa na kasoro kubwa, kwa sababu Warufiji walikuwa na utaratibu wao wa kuishi na mto, nao ndio uliowalisha.

Mpunga ulipandwa kwa mvua za mwanzo, Desemba au Januari, ili maji yakipanda kuelekea Aprili yaukute umerefuka vya kutosha kustahimili. Mto ukishashuka na kuacha tope jipya lenye unyevu, ilifika zamu ya mlau: mahindi, kunde, maboga, na zama za ukoloni pamba pia, vyote vikistawi kwa unyevu wa ardhini. Mwenye vipande vya shamba mahali pa juu na pa chini hakuweka riziki yake yote mbele ya maji. Makazi yenyewe yalikuwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, maji yakipita chini na watu wakikaa juu, na humo humo wakiwinga ndege na kuyalinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani. Mafuriko makali yaliweza kuzamisha mpunga, lakini yakaacha ardhi nzuri ya mlau, hivyo hasara ya msimu mmoja ikafidiwa na msimu uliofuata. Mwaka wa kuogopwa hasa ulikuwa ule wa mvua haba na mto usiopanda, kwani mavuno yote mawili yaliponyoka.

Atakayepinga atasema kwamba mafuriko ya 1968 yaliwazidi watu nguvu, na kwamba dunguni hapakuwa na shule wala zahanati. Yote mawili ni kweli, na hakuna haki ya kuyasifu maisha magumu kutoka mbali. Lakini kumpa mtoto shule hakukulazimu kumtenga mkulima na shamba lake. Vijiji vipya vilipowekwa juu, ardhi yenye rutuba ilibaki chini, na mazao yasiyo na mlinzi yakawa ya nguruwe. Wengi wakalazimika kurudi bondeni kila msimu na kujenga madungu upya, wakigawa kaya kati ya kijiji na shamba. Mpango wa busara ungeanzia hapo: huduma juu, kilimo chini, na njia ya kupita katikati.

Leo hoja ileile imerudi na saruji. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huohuo, lilianza kujazwa Desemba 2022, na wapo wanaoamini kuwa litamaliza tatizo la mafuriko. Bwawa linaweza kupunguza kilele cha maji, na umeme wake nchi inauhitaji. Hata hivyo, Aprili 2024 mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilizama, na tope linalotua bwawani ni tope lisilofika kwenye mlau. Ratiba ya kufungulia maji ni suala la kilimo sawasawa na la umeme, na mkulima wa bondeni anapaswa kuwamo katika kuipanga, kwa sababu ndiye ajuaye mpunga wake umefika kimo gani mwezi wa Machi.