Bango Lisiloitaja Nachingwea

Januari 1966, wajumbe kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini walikutana Havana na kuunda OSPAAAL, chombo cha mshikamano na mapambano ya ukombozi. Mwaka uliofuata kilianza kutoa jarida la Tricontinental, na ndani yake mara nyingi mlikuwa na bango lililokunjwa. Msomaji alilikunjua akalibandika ukutani. Angola ilikuwa na siku yake, Februari 4. Guinea-Bissau, Agosti 3. Msumbiji, Septemba 25. Rangi kali, bunduki, na maneno machache kwa lugha nne: Kihispania, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu.

Zihesabu tena lugha hizo. Kireno hakimo. Kiswahili hakimo, wala Kimakonde. Bango lilisema na washirika walioko mbali, si na mpiganaji aliyevuka Ruvuma usiku.

Mabango ya namna hii hayakuanza Kuba. Mwaka 1943, serikali ya Marekani ilichapisha bango la mchoraji Henry Koerner: mizinga imepangwa safu, kila mmoja na bendera ya taifa mshirika, na maneno yanayosema kwamba katika umoja kuna ushindi. Vijana wa Tanganyika walipelekwa kupigana hadi Burma katika vita hivyo hivyo, lakini bendera yao haikuwamo. Bango la umoja huchagua nani aonekane.

Nachingwea ni mahali pazuri pa kuliuliza bango maswali. Baada ya vita hivyo, Waingereza walifyeka misitu yake ili walime karanga, wakajenga reli, kisha mradi ukafa mwaka 1951. Kuanzia 1965, wilaya hiyo ikawa makao ya kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Walimu wa kijeshi kutoka China walifundisha hapo. Mwaka 1967, wanawake nao wakaanza kupata mafunzo ya silaha.

Kazi ngumu zaidi ya kambi haikuwa bunduki. FRELIMO yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, kwa kuunganisha vyama vitatu vilivyokuwa havielewani. Kambini, kijana wa Kimakonde wa Cabo Delgado alilala, akala na kulima pamoja na kijana kutoka Gaza ambaye hakuijua lugha yake. Walikutana kwenye Kireno, lugha ya adui, wakaigeuza kuwa yao. Adui alijua thamani ya kazi hiyo. Ndege za Wareno zilimwaga vipeperushi vya kuwataka wapiganaji wajisalimishe, na propaganda yao iliwachochea Wamakua dhidi ya Wamakonde. Karatasi moja ilisema "unganeni", nyingine "tenganeni", na vita vilikuwa kati ya hizo mbili pia.

Kulikuwa na upande mwingine ambao haukuchorwa. Wamwera, Wamakua na Wamakonde wa Nachingwea, na majirani wao wa Ruangwa, ambayo wakati huo haikuwa bado wilaya, waliishi kando ya jeshi la nchi nyingine kwa takriban miaka kumi. Kusini zaidi, vijiji vya mpakani vilishambuliwa na Wareno. Kwa watu hawa, ushirika ulikuwa hatari ya kila siku na siri ya kutunzwa. Hawakuhitaji bango la kuwakumbusha.

Lakini si haki kuisifu kambi na kuishia hapo. Mwaka 1975, uhuru ukiwa mlangoni, Nachingwea ilishuhudia watu wakisimamishwa mbele ya umati na kutangazwa wasaliti. Mmoja wao alikuwa Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO chini ya Eduardo Mondlane. Alilazimishwa kusoma ungamo refu. Lazaro Kavandame na Joana Simeão nao walikuwa miongoni mwa waliohukumiwa. Baadaye watu hao watatu waliuawa huko Niassa bila mahakama. Wengine walikuwa wamefanya makosa ya kweli: Kavandame alijisalimisha kwa Wareno mwaka 1969. Simango, kwa upande wake, alikuwa ameanzisha chama cha upinzani. Neno "umoja" liliwaweka kwenye kapu moja.

Mei 24, 1975, Samora Machel alivuka Ruvuma kuanza safari ya kuelekea kusini, na Juni 25 Msumbiji ikawa huru. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, na Nachingwea ina haki ya kujivunia.

Leo mabango ya OSPAAAL yamo katika makumbusho na minada. Ukikutana na moja, lipende kwa rangi zake. Kisha uliza waliolala njaa ili wageni wale ni akina nani, na ni akina nani waliofutwa ili picha ibaki safi. Umoja ulioijenga Msumbiji ulihitaji watu wa kuubeba. Ulipokataa kuulizwa swali, ukaanza kuwala watu wake.