Nguvu ya kuvuta inavyonyoosha mistari midogo ya plastiki

KADIRI mistari inayochorwa kwenye vifaa vya elektroniki inavyozidi kuwa myembamba, ndivyo gharama za mitambo ya kuichora zinavyopanda. Njia moja nafuu iliyochunguzwa na wanasayansi ni kuiacha plastiki ijichore yenyewe, kisha kuinyoosha kwa kuivuta upande.

Plastiki hiyo huitwa kopolima ya vitalu. Kila molekuli yake ni mnyororo wa sehemu mbili au zaidi zisizopatana, mithili ya maji na mafuta. Kwa kuwa sehemu hizo zimefungwa pamoja, haziwezi kutengana kabisa, hivyo hujipanga katika matone, matabaka au mistari yenye upana wa makumi ya nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Tatizo ni mwelekeo. Ikiachwa yenyewe, mistari hiyo hupindapinda kama alama za vidole.

Mwaka 1970, Andrew Keller na wenzake nchini Uingereza walionyesha kuwa plastiki ya aina hiyo ikisukumwa ingali moto kupitia tundu jembamba, hujipanga vizuri. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, wakiwamo Paul Chaikin na Richard Register, walifanikiwa kufanya hivyo katika utando wenye safu moja tu ya mistari.

Utando hupashwa joto hadi ulainike, hufunikwa kwa kipande cha mpira kilichowekewa uzito, kisha mpira huvutwa upande mmoja. Kama kitana kinavyolaza nywele, mvuto huilaza mistari yote upande huo. Mvuto ukiwa hafifu mno, mistari haijipangi.

Mwaka 2006, mistari hiyo ilitumika kutengenezea kichujio cha mwanga chenye nyaya za alumini, kila moja ikiwa nanomita 33 kutoka kwa jirani yake.

Hata hivyo, dosari ndogo husalia, kama vile mstari unaokatikia njiani. Kichujio huweza kuzivumilia, lakini katika saketi dosari moja yaweza kuharibu kifaa kizima. Aidha, mvuto hutoa mwelekeo mmoja tu, ilhali saketi huhitaji kona. Viwanda vikubwa viligeukia mwanga wenye mawimbi ya nanomita 13.5, ulioanza kutumika katika uzalishaji mkubwa mwaka 2019, kwa mitambo ya gharama kubwa mno.