Mikroskopi za Zamani na Vyombo Vyake

Katika nyumba za makumbusho za Ulaya, kama kule Florence, Leiden ao Oxford, watu wanaonyeshwa mikroskopi za zamani. Ni vyombo vizuri kutazama: bomba la karatasi ngumu lililofunikwa na ngozi, miguu ya shaba, sanduku la mbao lenye droo, na ndani ya droo vitu vidogo vidogo: koleo, sindano, vibao vya pembe ya tembo, vioo vya mviringo. Anayeviona anafikiri: kumbe, kwa vyombo hivi wenye elimu walianza kuona mambo yaliyofichwa. Ni kweli, lakini nusu tu. Muda wa miaka 150 na zaidi mikroskopi hizo nzuri zilidanganya watu mara nyingi. Habari ya namna zilivyoachishwa uongo ni ya maana kupita habari ya kuvumbuliwa kwake, nayo ndiyo tutakayoeleza hapa.

Sharti kwanza tutenge namna mbili. Kuna mikroskopi ya kioo kimoja: ni punje ndogo ya kioo iliyonolewa vizuri, mtu anaiweka karibu sana na jicho. Kuna tena mikroskopi ya vioo viwili ao zaidi: kioo cha chini, kilicho karibu na kitu, kinafanya umbo lililokuzwa, kioo cha juu, kilicho karibu na jicho, kinakuza umbo lile mara ya pili. Vyombo vya namna hii ya pili vilitokea Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1600. Mwaka 1624 Galileo alimpelekea Federico Cesi, mkubwa wa chama cha Lincei katika Roma, chombo chake cha kutazamia vitu vidogo. Na mwaka 1625 Giovanni Faber, mganga wa chama kile kile, akakipa jina la mikroskopi. Mwaka ule ule Francesco Stelluti alitoa picha ya nyuki aliyetazamwa kwa chombo hicho, kwa heshima ya Papa Urbano VIII, maana jamaa ya Barberini ilikuwa na nyuki watatu katika alama yake.

Katika London, Robert Hooke alitoa mwaka 1665 kitabu chake Micrographia, chenye picha kubwa ya kiroboto iliyoshangaza wasomaji. Alikata kipande chembamba cha kizibo akaona ndani yake vyumba vidogo vidogo, akaviita «cells», ndilo jina tunalolitumia hata leo kwa chembe za viumbe. Lakini Hooke mwenyewe aliandika wazi ya kama kioo kimoja kinaonyesha vitu sawasawa kuliko vioo viwili. Alikiacha tu sababu kilimchokesha macho.

Aliyeonyesha ukweli wa maneno yale ni mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek. Hakusoma kilatini, hakuingia universite. Alinoa vioo vyake mwenyewe, akavitia kati ya mabamba mawili madogo ya shaba ao ya feza. Kimoja kilichobaki, kinachotunzwa katika Utrecht, kinakuza kitu mara 270 hivi. Kwa vioo vya namna hiyo aliona vidudu vya maji, akaandikia chama cha wenye elimu cha London mwaka 1676. Wengi hawakusadiki. Hooke alijaribu mara nyingi, na mwaka 1677 akaviona naye, akavionyesha mbele ya chama. Hivi fundi wa duka alipita wakubwa wenye mikroskopi za bei kali.

Sababu gani? Mwangaza mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kama tunavyoziona katika upinde wa mvua. Kioo kinapopinda mwangaza hakipindi rangi zote kwa kadiri moja: buluu inapindwa zaidi, nyekundu kidogo. Kwa hiyo hazikutani pahali pamoja, na kitu kinaonekana chenye ukingo wa rangi. Tena kioo cha mviringo kinapinda zaidi mwangaza unaopita pembeni kuliko ule wa katikati, na umbo linaingia kama ukungu. Kioo kimoja kinafanya makosa hayo. Lakini katika mikroskopi ya vioo viwili, kioo cha juu kinapokea umbo pamoja na makosa yake na kuyakuza yote. Ni kama mtu anayesikia habari mbaya ya uongo, kisha anaitangaza kwa sauti kubwa.

Mafundi waliona dawa moja tu: kuziba kioo cha chini na kuacha tundu dogo katikati. Ukungu ulipungua, lakini giza liliingia. Basi ndiyo maana vyombo vya kusaidia mikroskopi vilizidi kuwa vingi: karibu vyote vilikuwa vya kutafuta mwangaza. Hooke alitumia taa ya mafuta na tufe la kioo lililojaa maji ya chumvi, kusudi mwangaza ukusanyike juu ya kitu. Padri Filippo Bonanni, Mjezuiti wa Roma, alieleza mwaka 1691 mikroskopi iliyolala upande kama bunduki juu ya meza, yenye taa nyuma yake, vioo viwili vya kukusanya mwangaza, na gurudumu la meno la kuisogeza polepole. Kwa ufundi alitangulia wenzake miaka mingi. (Lakini chombo kizuri hakileti peke yake mawazo mazuri: Bonanni huyu alishikilia ya kama wadudu wanaweza kuzaliwa bila wazazi, naye Redi alikwisha kuonyesha mwaka 1668 ya kama funza wa nyama wanatoka katika mayai ya inzi.)

Katika London, Edmund Culpeper aliuza tangu miaka ya 1720 na 1730 mikroskopi ya miguu mitatu, yenye kioo cha kurudisha mwangaza chini ya meza yake ndogo. Ilipendwa sana, lakini miguu ile ilizuia mikono ya mwenye kutazama. Kwa hiyo John Cuff alitengeneza, karibu na mwaka 1743, mikroskopi ya shaba tupu yenye nguzo moja upande, na parafujo nyembamba ya kuinua na kushusha bomba kwa kadiri ndogo sana. Wengi waliiga kazi yake katika Ulaya. Yeye mwenyewe alifilisika mwaka 1750.

Tufungue sasa droo. Vibao vya pembe ya tembo vina matundu manne ao matano, na katika kila tundu kuna vipande viwili vya ulanga vinavyobana bawa la inzi, unywele, ao magamba ya kipepeo. Kuna kisanduku cha shaba cha kumshika mdudu mzima bila kumwua. Kuna bamba refu ambalo samaki mdogo alifungwa juu yake kwa kitambaa, mkia ukikaa mbele ya tundu, kusudi damu ionekane ikikimbia katika mishipa. Maana jambo hilo lilikuwa la fahari: mwaka 1628 Harvey alifundisha ya kama damu inazunguka, lakini hakuona njia inayounganisha mishipa ya kwenda na ya kurudi, Malpighi aliiona mwaka 1661 katika mapafu ya chura. Kuna tena bakuli dogo la feza linalong'aa, lililobuniwa na mganga Lieberkühn wa Berlin karibu na mwaka 1740. Lilivalishwa kioo cha chini, likarudisha mwangaza juu ya vitu visivyopenyeka. Vyote hivi vilifanywa kwa akili kweli. Hata hivi havikuondoa makosa ya kioo chenyewe.

Hatari yake ilionekana wazi mwaka 1823. Henri Milne-Edwards, kijana mwenye elimu katika Paris, alitazama nyama, mishipa, ngozi na viungo vingine, na kila pahali aliona vidonge vya mviringo vya kadiri moja: sehemu moja ya 300 ya milimita. Akafundisha ya kama mwili wote umejengwa kwa vidonge hivyo. Hakusema uongo, aliandika alichokiona. Kumbe chombo chake kilimwumbia vidonge.

Aliyekata shauri hakuwa mtu wa universite. Joseph Jackson Lister alikuwa mfanya biashara ya divai katika London. (Mtoto wake Joseph ndiye baadaye aliyefundisha waganga kusafisha vidonda kwa dawa ya kuua vidudu.) Tangu mwaka 1758 fundi Dollond aliuza darubini za kutazama mbali zisizo na ukingo wa rangi, siri yake ilikuwa kuunganisha kioo cha kawaida na kioo kizito chenye risasi, hata kosa la kimoja likaondolewa na kosa la kingine. Kwa mikroskopi kazi hiyo ilikuwa ngumu sana, sababu vioo vyake ni vidogo kama punje ya dengu. Van Deijl wa Amsterdam, Chevalier wa Paris na Amici wa Modena waliijaribu kwa faida. Lister alifanyiziwa mikroskopi mwaka 1826, na mwaka 1827, pamoja na mganga Thomas Hodgkin, alitangaza ya kama vidonge vya Milne-Edwards havionekani: nyama ni nyuzi zenye mistari. Mwaka 1830 akaeleza kanuni ya kupanga jozi za vioo moja nyuma ya nyingine bila kuzidisha ukungu. Tangu siku ile kutengeneza mikroskopi kukaacha kuwa kubahatisha.

Desturi nyingine ilienea wakati ule, nasi tunaiona ya busara kubwa: kujaribu mikroskopi yenyewe mbele ya kuisadiki. Walichukua magamba ya kipepeo, ambayo mistari yake ilikwisha kujulikana. Mikroskopi isiyoweza kuitenga mistari ile haikusadikiwa katika mambo mengine.

Kwa vyombo vilivyosafishwa hivi, mafundisho juu ya chembe za viumbe yalijengwa na Schleiden mwaka 1838 juu ya mimea, na Theodor Schwann mwaka 1839 juu ya wanyama. Mwaka 1839 Schwann, Mkatoliki wa Ujerumani, aliitwa kufundisha katika universite ya Louvain, na pale pale baadaye padri Jean-Baptiste Carnoy aliendelea na kazi ile, akaanzisha mwaka 1884 jarida la La Cellule.

Hatua ya mwisho ilifanywa katika Jena, pahali Carl Zeiss alipofungua karakana yake mwaka 1846. Ernst Abbe, mwalimu wa hesabu na fizika, alimfanyizia hesabu za vioo, na mwaka 1873 akaonyesha ya kama mwangaza wenyewe una mpaka: vitu vinavyokaribiana kupita nusu hivi ya urefu wa wimbi lake haviwezi kutengwa, hata kioo kikuzwe namna gani. Kisha vikaja vyombo viwili vidogo vya maana kuliko shaba yote ya zamani: kikusanya mwangaza cha Abbe chini ya meza, na mwaka 1878 tone la mafuta ya mwerezi kati ya kioo cha chini na kitu. Mafuta yale yanapinda mwangaza sawa na kioo, hivi mwangaza mwingi haupotei hewani. Kwa hayo Robert Koch alionyesha mwaka 1882 kidudu cha kifua kikuu.

Mahali hapa sharti tumkumbuke mtu mmoja wa zamani. Mwaka 1656 tauni iliingia Roma, na padri Athanasius Kircher, Mjezuiti, alitazama damu ya wagonjwa kwa mikroskopi. Mwaka 1658 aliandika ya kama aliona ndani yake wadudu wasiohesabika, na kwamba tauni inaambukizwa na vitu vyenye uzima. Kidudu cha tauni hakuweza kukiona hata kidogo kwa vioo vyake. Hakifiki vizuri sehemu mbili za elfu za milimita. Neno lake lilikuwa kweli, lakini ushahidi wake haukuwa. Yersin alikiona kidudu chenyewe katika Hong Kong mwaka 1894.

Mikroskopi za namna ya Jena zilifungwa katika masanduku zikafika na waganga hata kwetu Kongo. Mwaka 1903 Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, waliotumwa na shule ya maradhi ya nchi za joto ya Liverpool, walishuka Boma kuchunguza ugonjwa wa usingizi. Walipanda mto, wakipima wagonjwa, mpaka maporomoko ya Kisangani na kuendelea Maniema. Njiani walichunguza tena homa inayorudi-rudi, ambayo wenyeji walisema inaletwa na kimputu. Katika damu ya wagonjwa walitafuta kidudu chembamba kama uzi uliopindwa. Wakawaacha kimputu wauma nyani, na nyani wakaugua homa ile. Wenyeji walisema kweli. Wote wawili waliambukizwa katika kazi hiyo. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, na umri wa miaka 30, na kidudu kile kimepewa jina lake.