Sichuan: jimbo lililojazwa na wageni

Leo tunawapeleka mbali, ndani kabisa ya China, kwenye jimbo lisilogusa bahari hata kidogo. Linaitwa Sichuan. Tumelichagua kwa sababu moja: watu wake wengi ni wajukuu wa wahamiaji, na leo hakuna anayewaita wageni.

Kwanza tulione lilivyo. Upande wa mashariki, Sichuan ni kama bakuli: bonde pana lenye rutuba, limezungukwa na milima pande zote. Upande wa magharibi ardhi inapanda mpaka kwenye nyanda za juu za Tibet, na Mlima Gongga unapita mita 7,500. Huko juu wanaishi Watibeti, Wayi na Waqiang. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 83. Mji mkuu ni Chengdu, na tambarare yake inanyweshwa na mfereji wa Dujiangyan. Mfereji huo ulianzishwa na gavana Li Bing yapata mwaka 256 KK. Hakuziba Mto Min, aliugawa tu maji yake, na mpaka leo mashamba yanakunywa hapo.

Sasa njooni kwenye karne ya 17. Utawala wa Ming ulikuwa unaanguka. Mwaka 1644 kiongozi wa waasi, Zhang Xianzhong, aliiteka Chengdu. Aliuawa mapema mwaka 1647, lakini vita havikwisha. Waasi, mabaki ya jeshi la Ming na jeshi jipya la Qing walipigana miaka na miaka, na nyuma yao zikaja njaa na maradhi. Chengdu iliharibika kiasi kwamba ofisi za jimbo zilihamishiwa mji wa Langzhong kwa zaidi ya miaka kumi. Maandishi ya wakati ule yanasema chui milia walikuwa wanatembea mitaani. Mashamba yalibaki, wakulima hawakuwepo.

Serikali ya mfalme Kangxi ikaamua kuita watu. Mwaka 1671 aliyefungua shamba alisamehewa kodi kwa miaka mitano. Mwaka 1690 ikatoka amri nyingine: anayehamia Sichuan na kulima ardhi iliyoachwa, ardhi hiyo ni yake, na watoto wake wanaweza kuandikishwa hapo na kufanya mitihani ya serikali. Vijana, hebu someni tena sentensi hiyo. Ardhi na mtihani! Mzazi alipewa sababu ya kulima, mtoto akapewa sababu ya kusoma.

Watu walikuja kutoka Hubei, Hunan, Guangdong, Jiangxi, Fujian na Shaanxi, wengi kwa miguu, kwa zaidi ya miaka mia moja. Wachina wanayaita mambo hayo "Huguang kuijaza Sichuan", maana Huguang ni jina la zamani la Hubei na Hunan. Si wote waliotoka kwa hiari, angalau hivyo ndivyo watu wanavyosimulia. Mpaka leo Sichuan mtu akitaka kwenda msalani husema anakwenda "kufungua mikono". Wazee wanasema neno hilo lilitoka kwa wahamiaji waliofungwa kamba njiani, ambao walilazimika kumwomba askari awafungue. Huenda ni hadithi tu, lakini hadithi nayo inabeba kumbukumbu.

Je, walipofika walisahau kwao? Hapana. Kila kundi lilijenga jumba lake la kukutania. Ukienda mji mdogo wa Luodai, karibu na Chengdu, bado utaona jumba la watu wa Guangdong, la watu wa Jiangxi na la watu wa Huguang. Humo waliabudu, waliamua ugomvi, walimsaidia mgonjwa na kumzika maiti asiye na ndugu. Wahakka wa Luodai bado wanaongea lugha ya mababu zao nyumbani, na sokoni wanaongea Kisichuan.

Halafu vitu vikaanza kuchanganyika. Opera ya Sichuan ina mitindo mitano ya kuimba: mmoja ni wa wenyeji, minne ililetwa na wageni. Na ile pilipili kali ambayo dunia nzima inaijua kama ya Sichuan? Kumbe nayo ni mgeni! Asili yake ni Amerika, ikaingia jikoni za Sichuan karne ya 18, ikakutana na punje za kienyeji zinazotia ganzi ulimi. Mahindi na viazi vitamu navyo vilitoka Amerika, kama hivi tunavyokula sisi, vikawalisha waliolima milimani.

Mtoto wa ukoo kama huo, Zhu De, alizaliwa Sichuan mwaka 1886 katika familia ya wakulima Wahakka. Alikuja kuwa amiri wa Jeshi Jekundu la China.

Vita vya Japani vilipoanza mwaka 1937, Sichuan ikawa mwenyeji tena. Mwaka 1940 mji mdogo wa Lizhuang, kando ya Mto Yangtze, ulikikaribisha Chuo Kikuu cha Tongji kilichokuwa kimekimbia kutoka mji hadi mji. Mji wa watu elfu chache ulipokea zaidi ya elfu kumi, na mahekalu yakageuzwa madarasa.

Tuseme ukweli: hali yetu si kama yao. Wao waliitwa kwenye ardhi iliyokosa watu, sisi tumefika mahali ambapo wenyeji nao wanabanana. Lakini Sichuan haikujengwa kwa msaada wa chakula peke yake. Ilijengwa na watu walioruhusiwa kulima, kusoma, kufanya mtihani na kukutana kwa lugha yao. Nyinyi mnaopanga miradi, hilo mlipime. Na sisi vijana, tusione aibu kuongea lugha ya nyumbani huku tukijifunza ya sokoni. Watu wa Luodai wamefanya yote mawili kwa miaka zaidi ya mia mbili, na hawajapungukiwa kitu.