Pombe Iliyozidi Kiu ya Nyumba

Pombe ya kienyeji ya Afrika Mashariki haikai. Bia ya chupa hutiwa hopsi, yaani maua machungu yanayoizuia isiharibike, kisha huchujwa, hupashwa moto na kufungwa isipate hewa. Pombe ya ulezi, mtama, mahindi au ndizi hainyweshwi dawa hizo. Inanywewa ikiwa hai, hamira na bakteria waliomo chunguni wakiendelea na kazi yao hata mnywaji anapoinua kata. Mwanzo ni togwa, tamu, na watoto hupewa. Siku ya pili au ya tatu imeiva. Ikilala siku moja zaidi, utamu unakwisha na ukali unapanda. Ikilala tena, hewa inaanza kukigeuza kileo kuwa siki, na harufu yake inafika uani kabla mtungi haujafunuliwa. Wanywaji wa ulanzi wa Iringa, unaogemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua, wameipa hali hii majina kabisa: ukiwa mtamu ni mtogwa, ukishakomaa ni mkangafu. Aliyekuwa na pombe kuliko kiu yake, basi, alikuwa na siku mbili tatu tu za kuamua aifanyie nini.

Nayo ilizidi kwa makusudi. Ulezi hulowekwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa, husagwa kuwa kimea, kisha uji hupikwa, hupozwa na kuachwa uchachuke. Kazi hiyo huchukua juma zima au zaidi, na kuni na maji huja kichwani. Taabu ya kuandaa mtungi mmoja inakaribiana na ya kuandaa mitano, kwa hiyo hakuna mama aliyewasha moto kwa ajili ya mumewe peke yake. Kwa sababu hii ni kosa kuisoma historia ya pombe kana kwamba ni historia ya ulevi tu. Swali la kwanza la mpishi lilikuwa nani ataitwa.

Mbege ya Kilimanjaro inaonyesha jambo hili vizuri. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa zichachuke siku kadhaa, kisha huchujwa na maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gamba la msesewe huongezwa ili kuipa uchungu. Kesho yake povu limejaa juu, na punje za ulezi zinaelea mdomoni mwa pipa. Kata, yaani kibuyu kilichokatwa na kuachiwa mpini, huchovywa. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni ili wajue haina sumu, na kidogo humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Baada ya hapo kata huzunguka kwa wazee. Mbege ilipelekwa kwa wakwe wakati wa posa, ililetwa kwenye matanga, na mtu aliyemkosea mwenzake aliweza kutozwa mbege, ambayo mkosaji na mkosewa waliinywa pamoja mbele ya mashahidi. Machicha yaliyobaki kwenye chujio walipewa ng'ombe.

Upande wa Ziwa Viktoria, Wahaya walikanyaga ndizi mbivu kwa miguu, pamoja na majani makavu, ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, wakaongeza mtama uliokaangwa, wakapata rubisi. Hapo sehemu ya pombe ilikuwa haki ya mtawala kabla ya wengine kugusa. Mtawala naye hakuweza kuiweka akiba. Ilibidi aigawe siku ileile kwa watu wa ua wake, na hivyo kodi ya pombe ilirudi midomoni mwa raia ikiwa ukarimu wa mfalme. Ng'ombe na pembe za ndovu hazikumlazimisha mtawala kugawa namna hiyo.

Matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa kazi. Shamba la ulezi lisipopaliliwa kwa wakati halitoi kitu, na familia moja haikutosha. Mwenye shamba alipika, akatangaza siku, na majirani wakaja na majembe yao. Wakikuyu waliita ushirikiano wa aina hiyo ngwatio, Wajaluo saga, na sehemu nyingi za Tanzania neno ujima linaeleweka. Pombe haikuwa mshahara. Aliyekunywa alikuwa na deni la kuitikia mwito wa mwenzake, na aliyelima bila kunywa hakuambiwa kwamba amedhulumiwa. Mfumo huo ulikuwa na upungufu wake, nao unastahili kusemwa: mwenye ghala lililojaa nafaka ndiye aliyeweza kupika sana, kuita watu wengi na kulima shamba kubwa zaidi, na mjane asiye na ulezi wa kutosha alibaki kuitwa kwenye mashamba ya wengine.

Kulikuwa na werevu wa namna nyingine, ule wa kuhifadhi pombe kabla haijawa pombe. Magharibi ya Kenya na mashariki ya Uganda, wapishi wa pombe za busaa na ajon hukanda unga kwa maji na kuuacha uchachuke siku kadhaa. Kisha huukaanga juu ya bati au chuma kipana, wakigeuzageuza kwa koleo mpaka uwe wa kahawia na kunukia kama mkate uliobabuka kidogo, halafu huuanika juani. Madonge hayo makavu hukaa muda mrefu. Siku ya haja hutiwa maji na kimea, na baada ya siku chache chungu kinachemka chenyewe. Wazee hukaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa mara kwa mara mpaka ladha iishe. Kwa njia hii ghala lilihifadhi malighafi, na kiasi cha pombe kililingana na idadi ya mirija.

Pwani, ambako kinywaji ni tembo la mnazi, hali ni ngumu zaidi, maana mgema hana hiari ya kupika kidogo: mnazi hutoa utomvu kila siku, asubuhi na jioni. Tembo tamu lililozidi huchemshwa likawa asali ya tembo. Likichachuka, kiasi kidogo huumulia mikate na vitumbua. Likiachwa kabisa huwa siki, na siki hiyo ndiyo iliyotengeneza achari za nyumba nyingi, zikiwemo nyumba ambazo dini yao inakataza kilevi.

Mambo yalibadilika fedha ilipoingia. Reli, mashamba ya mkonge na miji mipya ilikusanya wanaume walioishi mbali na majumbani mwao, na wanawake waliowafuata mjini waligundua kwamba mtungi uliozidi unaweza kulipia kodi ya chumba. Kwa wanawake wengi wasio na elimu ya shule, upishi wa pombe ulikuwa mojawapo ya njia chache za kupata fedha zao wenyewe. Vijijini nako walipanga zamu: huyu apike Jumatatu, yule Alhamisi, ili pombe zisiive pamoja zikakosa wanywaji. Mpango huo rahisi uliokoa nafaka nyingi.

Serikali za kikoloni ziliiona fedha hiyo pia. Mwaka 1908 koloni la Natal, Afrika Kusini, lilitunga sheria iliyoipa miji haki ya pekee ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe yao, na Durban ikaongoza. Nairobi iliiga mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kufungua ukumbi wa pombe wa manispaa huko Pumwani, na upishi wa nyumbani mjini ukawa kosa la jinai. Faida ilitumika kugharimia huduma za wakazi Waafrika, yaani vibarua waligharimia huduma zao wenyewe kwa kunywa. Wanawake waliokuwa wakiishi kwa mitungi yao walifukuzwa na polisi, wakatozwa faini, na pombe yao ikamwagwa mtaroni. Huo ulikuwa unyang'anyi, hata kama ulivaa vazi la usafi wa mji. Tanganyika ilielekea zaidi kwenye leseni na vibanda vya kukodi, na kutoka huko neno kilabu likapata maana ya mahali pa kunywea pombe ya kienyeji, ambayo Watanzania wanaijua hadi leo.

Pombe iliyofichwa haiwezi kusubiri wateja wa kesho, na hapo unereko, yaani kuichemsha pombe na kukusanya mvuke wake, ukashamiri. Ujuzi huu ulienezwa kwa sehemu kubwa na askari wa Kinubi kutoka Sudan waliotumikia majeshi ya Waingereza na kukaa Uganda na Kenya, hasa Kibera. Vyombo ni vya kawaida. Sufuria kubwa ya pombe iliyochacha huwekwa motoni, bakuli huegemezwa ndani juu ya pombe, na beseni la maji baridi hufunika mdomo, pembeni pakizibwa kwa udongo au unga uliokandwa. Mvuke hupanda, hugusa tako la beseni, hupoa, na hudondoka tone kwa tone bakulini. Maji ya beseni yakipata moto hubadilishwa. Kinachopatikana ni gongo, moshi, piwa, chang'aa au waragi, kutegemea mahali, na hakiharibiki. Debe la pombe iliyokuwa karibu kuwa siki huingia ndani ya chupa chache zinazofichika chini ya kitanda.

Mikataba ya Brussels ya 1890 na Saint-Germain-en-Laye ya 1919 ilikuwa imeshapiga vita pombe kali katika makoloni ya Afrika, kwa hiyo moshi ulizaliwa haramu. Uganda huru ilijaribu njia ya kati kwa Sheria ya Enguli ya 1965: wapishi wapewe leseni, wauze enguli yao, yaani pombe kali waliyoinereka, kiwandani, isafishwe na kuwekwa chupani kama Uganda Waragi. Wengi waliendelea kuuza mtaani. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980, na biashara ikazama gizani, ambako wauzaji wasio na huruma waliongeza methanoli ya viwandani. Mwaka 2000 jijini Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Walikufa kwa kemikali iliyotiwa na mtu mwenye tamaa, pasipo mkaguzi wa kumzuia. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliondoa marufuku na kudai leseni.

Viwanda vimepata jibu lao kwa pombe isiyokaa. Tangu mwaka 1993 Banana Investments ya Arusha imekuwa ikitengeneza mvinyo wa ndizi unaofungwa kwenye chupa na kukaa dukani. Mbege ya kijijini haijapata chupa yake. Hupikwa kwa ajili ya ndoa, matanga au siku ya soko, na huisha siku hiyo au kesho yake.