Namugongo na Golbanti

Fungu letu leo ni Waebrania 12:1, penye habari za mashahidi wanaotuzunguka.

Sisi Waprotestanti wachache wa Tarasaa tulifika Namugongo, karibu na Kampala, kama watembezi, si kama mahujaji. Tulikwenda na njugu zetu na vicheko vyetu. Kanisa lile kubwa la Kikatoliki, lililowekwa wakfu mwaka 1975, limejengwa kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kiganda, na nguzo zake ni 22. Mzee wetu mmoja akasema, "Hata Waorma wa kwetu hujenga za duara, ila hawajamwalika Kardinali kuzifungua." Tukacheka, na ndugu Mkatoliki aliyetuongoza akacheka pia.

Kisha akatueleza maana ya nguzo zile. Zinawakumbusha Wakatoliki 22 waliouawa kwa ajili ya imani siku za Kabaka Mwanga, kati ya 1885 na 1887. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964. Hapo ndipo Karoli Lwanga alipochomwa moto peke yake, tarehe 3 Juni 1886. Siku hiyo hiyo, mwendo mfupi kutoka hapo, vijana wengine waliotumika katika jumba la Kabaka walitiwa motoni pamoja, Wakatoliki na Waanglikana. Waanglikana waliouawa katika dhiki ile huhesabiwa 23. Moto haukuuliza nani alifundishwa na padre na nani na mchungaji.

Sisi hatuwaombi waliokufa, kwa maana mpatanishi wetu ni mmoja, Kristo Yesu. Lakini kumshukuru Mungu kwa ajili yao hakukukatazwa, wala ushuhuda wao hauna uzio wa dhehebu.

Tena, ndugu, mwezi mmoja tu kabla ya moto ule, Mei 1886, damu ilimwagika kwetu. Huko Golbanti, kando ya mto Tana, si mbali na Tarasaa, mmishenari Mmethodisti John Houghton na mkewe Annie waliuawa na wavamizi wa Kimasai. Hakuna mfalme aliyewaita barazani wachague uhai au imani. Walikutwa kazini.

Basi tuna mashahidi wa namna mbili. Vijana wa Buganda waliulizwa, wakajibu. Akina Houghton hawakuulizwa; jibu lao walikwisha kulitoa siku walipokubali kukaa Golbanti.

Msikilizaji, wengi wetu hatutasimama mbele ya Kabaka. Sisi tutakutwa: shambani, darasani, kando ya kitanda cha mgonjwa, au kwa jirani ambaye mafuriko yamechukua mpunga wake. Je, tutakutwa pale tulipotumwa? Na watoto wetu wanaoisikia Namugongo kila mwezi wa Juni, nani atawasimulia habari za Golbanti?

Tuombe. Ee Bwana, utujalie uaminifu wa siku ya moto, na wa siku ya kazi. Amina.