Kasha la Njumu na Hatari ya Msasa

Seremala wa Mlandege, mjini Zanzibar, anayeletewa kasha kuukuu la njumu, shaba yake imeota kutu ya kijani na mbao zimeingia weusi, hujikuta na kishawishi kimoja: kung'oa shaba yote, kupitisha msasa wa mashine, kupiga vanishi, kisha kurudisha misumari ikimetameta. Kasha hutoka likipendeza na historia yake imeshafutika. Makasha haya kwa kawaida hayana sahihi ya fundi wala mwaka. Ushahidi wake wote umo katika matundu ya misumari iliyong'oka zamani, kivuli cha bamba lililowahi kukaa hapo, bawaba isiyofanana na mwenzake, na mgongo wa kasha ambao hakuna aliyeona haja ya kuupamba. Msasa hauwezi kutofautisha uchafu na ushahidi.

Sehemu kubwa ya makasha tunayoyaita ya Zanzibar yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka pwani ya magharibi ya Bara Hindi na Ghuba. Wauzaji huyaita ya Surat, ya Bombay au ya Shiraz kwa kutazama nakshi na mpangilio wa shaba (majina ya biashara hayo, si cheti cha kuzaliwa). Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait liitwalo Bayan katika msimu wa 1938 na 1939, aliwakuta mabaharia wakibeba masanduku ya bidhaa zao wenyewe za kuchuuza bandarini. Chombo kilichopita mikono mingi namna hiyo lazima kilitengenezwa tena na tena: kufuli likabadilishwa, mtoto wa ndani akachongwa upya, mguu ukaongezwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kulirudisha kasha katika "hali yake ya asili" anapaswa kwanza kusema ni asili ipi, ya fundi wa ng'ambo au ya nyumba ya Unguja iliyolitunza baadaye.

Kuna hoja nzito dhidi ya haya, na shahidi wake ni mtu wa jumba. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, aliyaeleza makasha ya vyumbani mwao kuwa yamepambwa kwa misumari mingi midogo ya shaba. Shaba ya kupamba huwekwa ing'are. Kuiacha iwe nyeusi ni mapenzi ya wakusanyaji, si desturi ya mwambao. Nakubali. Lakini kung'arisha kwa ukwaju na jivu, kisha kuosha na kukausha, huondoa utando tu, ilhali brashi ya waya inayozungushwa na mota hula vichwa vya misumari na michoro ya bamba. Hata ukwaju na ndimu zina mipaka. Shaba ya njano ina zinki, na tindikali ikiachwa juu yake muda mrefu hutoa zinki hiyo na kubakiza madoa mekundu. Polishi ya maji nayo hujipenyeza ubaoni na kukauka kuwa unga mweupe kuzunguka kila msumari, unga ambao hautoki kwa urahisi. Karatasi ngumu iliyokatwa tundu la kutosha kichwa cha msumari ingeuzuia.

Wapo watakaosema fundi anakula kwa mteja, na mteja anataka kipya. Hapo biashara yenyewe inajipinga. Makasha mapya yanatengenezwa mjini hadi leo, mengine mazuri sana. La kale lililochubuliwa mpaka mbao nyeupe halina tena cha kulitofautisha na hayo, na mnunuzi anayelipia umri hatauona. Wadudu na chumvi ya bahari ni jambo jingine, hayo hayangoji. Msumari wa chuma unaooza ndani ya mbao huvimba na kuipasua, kwa hiyo utolewe, na mpya uwekwe bila kufichwa. Mbao zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, zipakwe nta, na kasha liinuliwe kutoka sakafuni. Mgongo na chini visiguswe, maana huko ndiko alama za vifaa vya fundi wa kwanza hubaki zikisomeka.